Kikundi: Sherehe ya Baba Wasichana (mwenyewe asiambiwe)

Dada Mkubwa, saa 2:10 usiku: Shikamoo Baba, na habari za jioni kwenu nyote. Nimefungua kikundi hiki bila ndugu yetu kuwamo, kwa sababu anayesherehekewa ni yeye. Huu ni mwaka wa saba anawalea binti zake mbali na sisi, na hatujawahi kumwambia kwa pamoja kwamba tunaona anachokifanya. Kila mmoja arekodi video ya dakika moja akieleza mchezo aliomwona akicheza na watoto, anitumie kabla ya Ijumaa. Siku yenyewe ni Jumapili ya tatu ya Juni.

Mama Wasichana, saa 2:41 usiku: Wifi, nakushukuru sana, ila huku Australia Siku ya Baba huwa Jumapili ya kwanza ya Septemba. Mkimpigia nyote kwa mpigo mwezi Juni atadhani kuna msiba.

Kaka Mkubwa, saa 2:44 usiku: Huku Finland ni Jumapili ya pili ya Novemba. Napendekeza tufuate ya huku, nipate muda wa kunyoa ndevu kabla ya kurekodi.

Dada Mkubwa, saa 2:46 usiku: Tutafuata kalenda ya nyumba anayoishi, kwa kuwa ndiyo siku wanawe watakayomshangilia. Basi ni Septemba. Tutapiga simu ya video saa 4 asubuhi kwa saa za London, ambayo Sydney ni saa 1 usiku, kabla wasichana hawajalala.

Kitindamimba, saa 2:50 usiku: Dada, hiyo huku Toronto ni saa 11 alfajiri. Nampenda kaka yangu, lakini uso wangu wa alfajiri utawaliza watoto.

Binamu, saa 2:51 usiku: Hawatalia. Wamekwisha mzoea baba yao mwenye vibanio kumi na kimoja kichwani.

Mama Wasichana, saa 3:02 usiku: Vilikuwa kumi na vinne, na kimoja tulikikuta kwenye mto wake asubuhi. Jumanne alikwenda kazini akiwa na rangi ya kucha kwenye vidole vitatu vya mkono wa kushoto, kwa sababu mdogo alisinzia kabla ya kumaliza, naye alikuwa amemwahidi kwamba hataigusa. Jioni aliporudi aliketi sakafuni, akamnyooshea vile viwili vilivyobaki.

Ila mchezo wao mkubwa ni wa basi. Anapanga viti vinne sebuleni, yeye ni dereva, na abiria hapandi mpaka aseme kwa Kiswahili anakwenda wapi na anamfuata nani. Mkubwa alipoanza shule alikuwa akijibu kila kitu kwa Kiingereza. Mimi nilimkaripia, akaacha kabisa kuzungumza nami mezani. Baba yake alimwambia tu kwamba basi hili lina sikio moja, na lugha ile hailiingii, ndiyo maana haliondoki. Sasa mtoto anasimulia safari nzima. Juzi alisema anakwenda kwa babu kumpelekea miwani.

Dada Mkubwa, saa 3:05 usiku: Hiyo ndiyo video ninayoitaka, wifi, tafadhali irekodi kwa siri. Wengine, tupo kumi na tisa humu na wanaojibu ni walewale.

Kaka Mkubwa, saa 3:11 usiku: Sipingi michezo, lakini mtoto anahitaji pia baba wa kumwogopa kidogo.

Kaka Mkubwa, saa 3:12 usiku: *Ujumbe huu umefutwa.*

Mama Wasichana, saa 3:19 usiku: Shemeji, nimeusoma kabla hujaufuta. Ni neno lilelile uliloliandika kwenye kikundi kikubwa siku niliyotoka hospitali na mtoto wa pili, kwamba tusikate tamaa, wa kiume atakuja, na watu wakaweka vicheko chini yake. Mume wangu alilisoma akiwa amempakata mtoto, akaiweka simu kifudifudi, na tangu siku hiyo hajaandika kule. Mlidhani ametingwa na kazi.

Binamu, saa 3:21 usiku: Jamani, nani ana ile picha ya ngazi?

Kitindamimba, saa 3:21 usiku: Ya ngazi ina wenyewe, usiitaje mbele ya Baba.

Dada Mkubwa, saa 3:24 usiku: Binamu, subiri kwanza. Kaka, siku hii unayoitania ilianzishwa na binti. Sonora Smart Dodd ndiye aliyeipigania hadi ikaadhimishwa Spokane, Marekani, tarehe 19 Juni 1910, kumshukuru baba aliyebaki na watoto sita baada ya mkewe kufariki.

Kaka Mkubwa, saa 3:30 usiku: Ulikuwa utani, shemeji. Sikujua kwamba aliusoma akiwa na mtoto mikononi.

Mzee, saa 4:20 usiku: Marahaba. Nimesoma yote. Mimi sikucheza nanyi. Nilikuwa nikirudi mmeshalala, nahesabu viatu mlangoni, nikiona vimetimia najua wote mmo, basi naona kazi yangu imekwisha. Huyu mnayemtaka kumsherehekea ndiye aliyekuwa akikesha dirishani, nami nikimkuta macho namfokea akalale. Wanachopewa wale wasichana ndicho alichokuwa akikingoja pale dirishani. Lile neno la mtoto wa kiume nililiona nikanyamaza, mkanihesabu kuwa nimeliridhia. Sikuliridhia. Mkwe wangu, nisamehe kimya changu. Nyumba yenu imetimia. Nawe mwanangu mkubwa, mpigie ndugu yako kabla ya Septemba, akusikie sauti, usimwandikie.

Kaka Mkubwa, saa 12:55 asubuhi: Nimekusikia, Baba.

Dada Mkubwa, saa 2:15 asubuhi: Asante, Baba. Mpaka sasa nina video mbili, na suala la saa ya Toronto halijaamuliwa.

Kaka Mkubwa, saa 3:40 asubuhi: Nimempigia. Simu imepokewa na yule mdogo, akaniambia baba anaendesha, kisha akaniuliza ninakwenda wapi na ninamfuata nani. Nilikwama kabisa, akakata. Nitapiga tena jioni.

Shangazi, saa 7:08 mchana: Samahanini, ndiyo kwanza naiona simu. Hizo video ni za Juni au za Septemba?