Naomba ushauri: vigawo tasa vya 11,111,111,111

Habari za wakati huu wanajamvi. Nimekwama na namba 11,111,111,111, yaani tarakimu 1 mara kumi na moja. Nataka kujua kama ni namba tasa, na kama siyo, vigawo vyake ni vipi. Nafanya kwa mkono kwa sababu nataka kuelewa, siyo kupata jibu tu.

Nimeigawanya kwa namba tasa zote zilizo chini ya 1,000, na kila mara linabaki baki. Kipeuo chake cha pili ni kama 105,409, kwa hiyo safari bado ni ndefu mno.

Ila kuna jambo nimeliona kwa ndugu zake wadogo, na linaninyima usingizi. 11,111 ni 41 × 271, na vyote viwili ukivigawanya kwa 5 baki ni 1. 1,111,111 ni 239 × 4,649, na hivyo navyo ukivigawanya kwa 7 baki ni 1. Idadi ya tarakimu ndiyo inayotoa 5 na 7 hizo! Lakini 111 ni 3 × 37: 37 inatii, 3 haitii.

Je, hii ni kanuni ya kweli, na kwa nini 3 inaivunja? Na kama ni kweli, naweza kujaribu zile tu zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 11, kama 23, 67 na 89, nikaziruka nyingine zote bila kukosea?

Natanguliza shukrani.