Tupeane uzoefu: toroli ya kubebea mapipa, namna ya kuiendesha na kuitunza

Mtunza Stoo, Igogo

Wakuu, habari za kazi. Kwa sisi tunaoshinda na mapipa ya lita 200 hapa Mwanza, iwe oili, mafuta ya kula au petroli ya injini za mitumbwi, naomba tukusanye uzoefu kuhusu toroli ya pipa. Nasema ile ya kusukuma kwa mkono: magurudumu mawili makubwa, kigurudumu cha kuegemea kwa nyuma, na ndoano juu inayoshika ukingo wa pipa. Mkokoteni na guta tuviache kando.

Naanza na uzito, maana ndipo watu wanapojidanganya. Pipa tupu la chuma ni kilo 15 hadi 20 hivi. Likijaa dizeli linakaribia kilo 190, likijaa maji linapita 215. Asali ndiyo usiseme: lita moja ina takribani kilo 1.4, kwa hiyo pipa lile lile linakaribia kilo 300. Kijana mmoja hapa stoo alizoea mapipa ya oili. Ikaja asali kutoka Tabora, akalivuta kwa mazoea. Pipa lilipoinama likavuka usawa wake likamzidi, likaenda na toroli yake. Bahati nzuri aliachia mpini akaruka pembeni. Asali ilimwagika, mguu ukabaki mzima. Siku hizi hapa pipa halisogezwi kabla halijaandikwa kilo zake kwa chaki ubavuni.

Karibuni, kila mtu aseme aliyoyaona.

Kuli Mwaloni

Shikamoo kwa wakubwa. Mimi niko Kirumba, napeleka mafuta kwenye mitumbwi.

Vijana wapya nawafundisha hivi. Peleka toroli ikiwa wima mpaka igusane na pipa. Ndoano ikae kwenye ukingo wa juu, halafu itikise kwa mkono uhakikishe imeshika. Tazama vizibo, kile kikubwa na kile kidogo, vyote vimekazwa. Sasa mguu mmoja kanyaga ekseli ili magurudumu yasikimbie, mwingine uwe nyuma, mikono miwili kwenye mpini, uvute kwa uzito wa mwili wote. Kiuno kisihusike. Kuna mahali utasikia pipa limekuwa jepesi ghafla. Hapo limesawazika juu ya magurudumu, na hapo hapo ndipo wengi huumia, kwa sababu mkono bado unavuta kwa nguvu ya mwanzo na pipa linakuja kifuani. Punguza nguvu kabla hujafika pale.

Mji wetu ni wa mawe na miteremko, kwa hiyo hili nalo lishikwe: pipa liwe upande wa chini, wewe upande wa juu. Ukishuka, linatangulia. Ukipanda, unalivuta kinyumenyume. Mvua ikinyesha ile njia ya kuelekea majini inakuwa utelezi mtupu, na hapo sikubali kabisa kwenda peke yangu.

Na pipa likianza kuanguka, LIACHE. Nimeona mwanaume mwenye misuli kweli kweli akijaribu kulidaka. Wiki kadhaa hakuonekana kazini.

Dada wa Nyakato

Kuli umenena vizuri, kaka yangu. Mimi nipo karakana ya sabuni, na niongeze upande wa kushusha, maana watu huona kazi imeisha.

Sehemu niliyokuwa zamani mwenzetu alikuwa anasimamisha pipa karibu na ukuta. Badala ya kubaki na mpini, akapeleka mkono kwenye ukingo wa pipa alisogeze kidogo likae sawa. Pipa likatua, vidole viwili vikabanwa kati ya chuma na tofali. Glavu alikuwa nayo, tena nzuri, lakini glavu haizuii kilo mia mbili. Ndiyo maana nasema: acha nafasi ya mtu kupita kati ya pipa na ukuta, na mikono isitoke kwenye mpini mpaka pipa limesimama lote.

Bosi alitaka yaishe kimya kimya kwa kumpa nauli ya hospitali. Wenzangu, ajali ya kazini inaripotiwa. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Yule mwenzetu aliyeumia tulimsindikiza tukasimama naye mpaka taarifa ikaandikwa.

Fundi Igoma

Naletewa hizi toroli kuchomelea karibu kila wakati, na nyingi zinakuja zimechelewa.

Kwanza ndoano. Inalika taratibu kwa ndani, pale inapokaa ukingo. Ukiona imechongoka au imefunguka kuliko ilivyokuwa, badilisha. Kuna jamaa aliwekewa na mtu ndoano ya nondo iliyokunjwa. Nondo ya kukunja hivyo hunyooka ikibeba mzigo, na inanyooka wakati pipa limeinama, siyo wakati limesimama. Niliikata mbele yake nikamtengenezea nyingine ya chuma kinene.

Pili nyufa. Osha toroli kwanza, hasa za kwenye samaki, maana chumvi ya kukaushia hula chuma haraka. Ikikauka tazama shingo ya mpini na maungio ya ekseli. Mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi mara nyingi ni ufa tayari.

Tatu magurudumu. Yenye upepo yawe na upepo sawa pande zote, la sivyo toroli inakwenda upande na mtu anapambana nayo njia nzima. Linyanyue, lizungushe kwa mkono: likikwaruza, beringi inataka grisi au imekwisha. Na ile pini ya kuzuia gurudumu lisichomoke, tafadhali msiweke msumari. Msumari hukatika.

Jambo moja nje ya toroli, niruhusuni. Wavuvi wanakuja na pipa tupu la petroli wanataka nilikate liwe la kuchomea samaki. Nakataa. Mvuke uliobaki ndani ukikutana na cheche, pipa linalipuka. Limeua mafundi sehemu nyingi.

Mgeni wa Nansio

Asanteni wakuu. Huku Ukerewe tunatumia sana mapipa ya plastiki ya bluu. Ndoano inateleza. Mnafanyaje?

Mtunza Stoo, Igogo

Mkuu, usitegemee ndoano peke yake kwa plastiki, ukingo wake hauko kama wa chuma na ukishinda juani unalegea. Funga mkanda wa kukaza, ule wa kwenye malori, uzungushe pipa na fremu juu kidogo ya katikati, ukaze kabla ya kuinamisha. Kamba ya katani ikilowa hujikaza na ikikauka inalegea, kwa hiyo hapana. Na pipa likiwa nusu, kimiminika kinacheza ndani, nenda polepole kwenye kona.