Ruta mbili za ISDN: simu inapokewa, kisha inakatika

Swali: Ruta mbili za Cisco zinapigiana kwa laini ya ISDN BRI (laini ya simu ya kidijitali). Nikituma ping (pakiti ya kujaribu mawasiliano), chaneli ya B, inayobeba data, inapanda, sekunde chache baadaye inashuka. `show isdn status` inaonyesha Layer 1 ACTIVE na Layer 2 MULTIPLE_FRAME_ESTABLISHED. Nianzie wapi?

Jibu: Waya na aina ya swichi (ya kampuni ya simu) viko sawa, usiviguse. Simu imepokewa; kinachoanguka ni PPP, itifaki inayounganisha ruta mbili juu ya simu hiyo. Washa `debug ppp authentication`, kisha piga tena. Ukiona FAILURE ya CHAP (ukaguzi wa jina na nywila ndani ya PPP), tazama mstari wa `username`: jina liwe la ruta ya pili, siyo la hiyo unayoiandikia, na nywila ifanane pande zote, herufi kubwa na ndogo. Nafasi tupu mwishoni mwa nywila nayo huhesabiwa!

Jibu: Jina hilohilo liwepo pia kwenye `dialer map` (mstari unaofunga anwani ya ruta ya pili na namba yake ya simu), baada ya neno `name`.

Muulizaji: CHAP imepita, asanteni. Sasa laini haikatiki kabisa.

Jibu: Unatumia OSPF (itifaki ya ruta kupashana njia)? Hello zake, pakiti ndogo za mara kwa mara, huanzisha upya hesabu ya `dialer idle-timeout` (muda wa ukimya kabla laini haijakatwa), sekunde 120 kama hujaibadilisha. Ili zisihesabiwe, kwenye access-list (orodha ya kuchuja pakiti) inayotumiwa na `dialer-list`, tanguliza `deny ospf any any`, ndipo `permit ip any any`.