Chanjo za ukubwani: tupeane uzoefu wana Mombasa

Haya jamani. Hapa kwetu ukitaja chanjo kila mtu anawaza mtoto na kile kijitabu cha kliniki, sisi wakubwa nani anatuuliza? Kinga ya pepopunda hupungua, yatakiwa irudiwe kila miaka 10. Ya homa ya ini B nayo iliingia kwa ratiba ya watoto Kenya mwisho wa 2001, kwa hivyo uliyezaliwa kabla ya hapo kama hukujitafutia mwenyewe basi huna. Hili linanisumbua sana. Mwenye kisa chake aseme.

Fundi wa Jomvu: Mimi kazi yangu kuchomelea mageti. Msumari ulipita patipati ukazama kwa unyayo, mke wangu akanivuta mpaka dispensari. Swali la kwanza la muuguzi, "mara ya mwisho ulidungwa pepopunda lini?" nikabaki kumtazama tu. Akanieleza kidonda kichafu kama kile, ikiwa imepita miaka 5 waongezwa ingine, na shida sio kutu, ni vijidudu vinavyokaa kwa mchanga na mavi ya wanyama. Na hapa karakana mbuzi wanalala hapo hapo.

Binti Mji wa Kale: Tulipokuwa tunamtayarishia baba hija, chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni lazima, iwe imedungwa angalau siku 10 kabla hajafika Saudia. Baba akashikilia cheti anacho, alienda umra zamani. Tukakitoa kabatini, wino umefifia lakini tarehe yasomeka, muda ushapita, maana ziko za miaka 3 na ziko za miaka 5. Akadungwa mapema, na ya mafua pia akapewa kwa vile ni mzee na kule watu wanabanana. Wallahi tungengoja wiki ya mwisho hija ingempita.

Mama Kisauni: Nafanya usafi hospitali. Mwenzangu alichomwa na sindano iliyotupwa kwa mfuko wa taka za kawaida, na tangu siku ile mimi sikungoja kuambiwa, nikaenda kudungwa ya homa ya ini B. Unapimwa damu kwanza, kisha sindano 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya mwisho miezi 6 tangu ile ya kwanza, na hapo ndipo wengi wanapotelea kwa sababu iko mbali na mtu ajiona mzima. Kirusi cha homa ya ini B chaweza kuishi nje ya mwili siku 7, hata damu ikishakauka kwa wembe. Sisi tunapewa glavu tu, chanjo tunajilipia, na hiyo si haki hata kidogo.

Baharia: Wenzangu, kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiliwe pesa. Kuna wakala aliniambia yangu imemaliza miaka 10 nilipie ingine. Tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama ndani kimeandikwa tarehe ya kuisha.

Mama wa Likoni: Sisi wanawake angalau pepopunda tunadungwa tukiwa na mimba, zikifika 5 zakukinga miaka yako yote ya kuzaa. Wanaume je? Mume wangu mvuvi, kila mara ana kidonda cha ndoana au mwiba wa samaki, na kadi hana. Nimuanzishe wapi?

Mwanzisha mada: Dada, dispensari yoyote ya karibu. Aseme hana rekodi, mkubwa asiye na rekodi huanzishiwa sindano 3 upya, na aombe zote ziandikwe kwa kadi. Wengine endeleeni, hasa mliowahi kuumwa na mbwa.