MJADALA: Majimbo madogo ya raga Afrika Kusini yaache kulipa wachezaji?

Mleta mada

Wadau wa raga, salaam. Kuna hoja huko Afrika Kusini ambayo hurudi kila pesa zinapopungua. Timu nne kubwa, yaani Bulls, Stormers, Sharks na Lions, tangu 2021 zinacheza ligi ya pamoja na Ireland, Wales, Scotland na Italia. Waliobaki wanategemea Currie Cup, mashindano ya majimbo yaliyoanza 1892, na wengine kama Border, SWD na Leopards wamezoea daraja la chini yake. Wapo wanaosema majimbo haya madogo yarudi kwenye raga ya ridhaa, fedha zote ziende kwa wale wanne.

Mimi napinga, na ninapinga nikiwa na mfano mkononi: winga Makazole Mapimpi. Alizaliwa 1990, akakulia Tsholomnqa, vijijini karibu na East London. Hakusoma Grey College wala shule za Paarl, shule maarufu kwa raga, ambako mtoto wa miaka 16 tayari ana kocha wa viungo na maskauti wanamjua kwa jina. Mlango wake ulikuwa Border Bulldogs, timu ya jimbo ambayo mtu wa Cape Town anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuitaja. Kutoka hapo akaenda Southern Kings mwaka 2017, halafu Cheetahs, halafu Sharks. Jezi ya Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, aliivaa kwa mara ya kwanza Juni 2018 dhidi ya Wales, mjini Washington, akikaribia miaka 28.

Sasa itazameni tena trai yake (bao la kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) ya fainali ya Kombe la Dunia 2019, Yokohama. Dakika ya 66, Afrika Kusini 18, England 12, mechi bado inaweza kwenda popote. Mpira unamfikia ubavuni kushoto, anauinua kwa mguu juu ya walinzi. Unadunda, Lukhanyo Am anaudaka, na bila hata kugeuza uso anamrudishia Mapimpi anayekuja kwa kasi pembeni yake. Hiyo ndiyo trai ya kwanza ya Afrika Kusini katika fainali yoyote ya Kombe la Dunia. Fainali za 1995 na 2007 walizishinda kwa mikwaju tu. Na aliyetoa pasi naye alianzia Border! Wachezaji wawili wa jimbo ambalo wengine wanataka lifungiwe mfereji.

Nawakaribisha, leteni hoja.

Namba Nane

Mkuu, heshima yako, ila umemhesabu aliyefika ukawaacha waliobaki njiani. Kwa kila Mapimpi kuna vijana wangapi waliosaini mkataba wa msimu mmoja, wakaumia goti mwezi wa tatu, mkataba ukaisha wakiwa bado na magongo? Mchezaji wa jimbo dogo anafika miaka 29 hana fundi aliyemfunza kazi, hana cheti, hana akiba. Anachojua ni skramu.

Tena suala la malipo si la kubuni. Eastern Province mwaka 2015 wachezaji walikaa miezi bila mshahara, na Southern Kings, hiyohiyo iliyompandisha Mapimpi, ilikufa 2020. Chama kisichoweza kulipa kisiahidi. Kumwambia kijana "wewe ni mchezaji wa kulipwa" halafu mwisho wa mwezi simu haipokelewi ni dhuluma, hata kama mwenzake mmoja atainua kombe Japani.

Na Siya Kolisi, nahodha wa Springboks katika fainali hiyo, je? Katoka Zwide, mtaa wa shida, lakini alionekana akiwa mdogo akapata ufadhili wa kusoma Grey High. Hiyo ndiyo njia. Tafuta vipaji mapema, wapeleke shule, usiwangoje mpaka wafike 24 kwenye timu inayodaiwa na kila mtu.

Fulubeki wa Ngong

Ndugu Namba Nane, kwenye mishahara niko na wewe mia kwa mia. Kwenye shule siko. Ufadhili unampata mtoto aliyeonekana, na mtoto huonekana pale skauti alipolifikisha gari lake. Kuna wanaochelewa kukua mwili, kuna wanaoacha mpira miaka miwili wakichunga wadogo zao baada ya msiba. Hao hakuna shule itakayowarudia.

Na sisi Wakenya hili linatugusa moja kwa moja. Mwaka 2022 Simbas, timu ya taifa ya raga ya Kenya, walicheza daraja la kwanza la Currie Cup, pamoja na Goshawks wa Zimbabwe na Black Lion wa Georgia. Vijana wetu waliotoka kwenye Kenya Cup, ligi ya nyumbani, walikutana wiki baada ya wiki na mafowadi wa Boland na SWD, watu ambao kazi yao ni raga. Julai mwaka huohuo tulifika fainali ya Afrika kule Ufaransa, tukafungwa na Namibia 36–0. Matokeo yaliuma, sitayapamba. Lakini niambie, kama daraja lile lingekuwa la ridhaa, tungejipima na nani? Bulls hawatakuja kucheza na Kenya. Timu za kiwango kile ndizo zinazoweza kutupokea.

Dada wa Prop

Niruhusuni niseme ninavyoiona kwa karibu, maana mdogo wangu anacheza. Sitataja timu yake.

Tatizo si kwamba analipwa, wala si kwamba timu ni ndogo. Tatizo ni mkataba. Ukiusoma unakuta mambo ya nidhamu kurasa nzima, jezi, picha za wadhamini, mpaka saa za kulala. Kipengele cha jeraha ni mistari miwili: timu itagharamia matibabu "wakati wa kipindi cha mkataba". Bega lake lilitoka wiki za mwisho za msimu. Upasuaji ukapangiwa tarehe baada ya mkataba kuisha. Mama aliuza ng'ombe.

Kwa hiyo mnapobishana ilipwe au isilipwe, kumbukeni kuna kupigwa mwili katikati hapo. Ukiigeuza timu kuwa ya ridhaa, vijana hawataacha kucheza. Watagongana vilevile, tena bila hata hiyo mistari miwili.

Mzee wa Kimberley

Mimi nimefanya kazi Afrika Kusini na naifuatilia Currie Cup kwa mapenzi. Fainali ya 2022 ilikuwa Pumas na Griquas, mjini Kimberley, Pumas wakashinda 26–19. Mkubwa hata mmoja hakuwepo. Halafu 2025 Griquas wakaenda Ellis Park wakawafunga Lions 27–25, kombe lao la kwanza tangu 1970. Miaka 55! Msiniambie nje ya wale wanne hakuna raga.

Namba Nane

Mzee wangu, shikamoo. Furaha ya Griquas naielewa, ila wale wakubwa huleta kikosi gani Currie Cup? Springboks hawapo, mastaa wanapumzishwa, na waliobaki ni chipukizi. Kombe ni la haki, lakini usilifanye kipimo cha nguvu ya fedha.

Dada, pole sana kwa yaliyowapata. Hoja yako imenigusa kuliko zote. Bado nauliza: nani alipe? Desemba 2024 kulikuwa na mpango wa kuuza sehemu ya haki za biashara za Springboks kwa wawekezaji wa Marekani. Vyama vya majimbo, vikubwa na vidogo, vilipiga kura na mpango haukupita. Sawa, ni haki yao. Basi waseme hela ya bega la kijana inatoka wapi.

Mleta mada

Kaka, nakujibu. Itoke kwenye jezi ya kijani. Springboks wakijaza uwanja, wachezaji wale wamelelewa na mtu, na mara nyingi si timu wanayoichezea leo. Sharks walimpata Mapimpi akiwa tayari winga kamili. Border, waliomkuta hajulikani, walipata nini siku ile ya Yokohama? Kwenye soka, klabu iliyomlea mchezaji hupata fungu anapouzwa kwenda nchi nyingine. Napendekeza raga ya Afrika Kusini ifanye hivyo ndani kwa ndani: kila mchezaji akiitwa timu ya taifa, jimbo lililompa mkataba wake wa kwanza lipate fungu, na fungu hilo lifungwe kwenye bima na mishahara tu, lisiguse posho za viongozi.

Na lile la Dada liwe sharti: jeraha la uwanjani litibiwe mpaka lipone, mkataba uwe umeisha au haujaisha. Jimbo lisiloweza hilo lisisajili. Hapo nakubaliana nawe kabisa, hata kama maana yake ni timu mbili tatu kusimama msimu mmoja.

Dada wa Prop

Kaka, timu ikisimama msimu mmoja, mdogo wangu atakula nini msimu huo?