Taasisi mnaofanya mikutano Dodoma: wasanii siyo mapambo ya ukumbi. Rudisheni mchoro wa mzee wetu na mtulipe

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na nyuzi za bongo fleva, hili ni jambo jingine. Ni mrefu, mnivumilie.

Naratibu maonyesho ya sanaa hapa Dom. Michoro, picha za kamera, vinyago, siku nyingine na ngoma na mashairi. Ndiyo kazi inayonilisha. Leo nina hasira na siifichi.

Taasisi moja kubwa, jina naliacha, ilikuwa na kongamano hapa mjini mwezi Juni. Walinitafuta wenyewe. Wakaniandikia barua yenye mhuri: wanataka maonyesho ya wasanii wa Dodoma yanayoonyesha jiji lilivyobadilika tangu serikali ihamie huku. Tukakubaliana kwa maandishi. Kazi zitatundikwa kwenye korido pana ya kuingilia ukumbini, ambako kila mjumbe lazima apite. Kila kazi iwe na jina la mwenyewe. Wasanii walipwe ada ya ushiriki na nauli. Mimi nilipwe nusu kabla na nusu baada.

Wengi wanadhani kuratibu maonyesho ni kukusanya picha na kupigilia misumari. Nilizunguka Nkuhungu, Chang'ombe, Kikuyu, hadi Chamwino. Unakaa na msanii, anakutolea kila alichonacho, unachagua mbili tatu, na inabidi umweleze mtu mzima kwa nini hizo na siyo zile anazozipenda yeye. Kila kazi unaipiga picha mbele na nyuma kabla hujaipokea, unaandika mkwaruzo uko wapi, ili ikirudi na tobo ijulikane limetokea mikononi mwa nani. Unaamua ipi itangulie, ipi ikae peke yake, ipi isikae jirani na ipi kwa sababu rangi zitauana. Unatafuta seremala wa fremu. Unatafuta kirikuu yenye turubai, maana vumbi letu likishakutana na rangi ya mafuta ambayo haijakauka vizuri halitoki tena.

Halafu kuna taa. Kumbi nyingi tulizonazo hapa ni za harusi na semina. Kuta zimefunikwa vitambaa, msumari hauruhusiwi, na taa ni zile za zambarau na bluu. Mchoro wa ardhi yetu nyekundu ukiuweka chini ya taa ya bluu, wekundu wote unakufa, unabaki weusi. Kwa hiyo nilikodi stendi na taa nyeupe, na ile nusu yao ya kwanza ikaishia huko karibu yote.

Na kazi zilikuwa nzuri, wakuu. Kuna mzee wa Nkuhungu anachora nyumba za zamani za Uhindini kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi, zile za baraza mbele na milango ya mbao ya kukunja. Kuna binti amepiga picha mama lishe wa Sabasaba alfajiri, moshi umeziba nusu ya sura, unaona mkono tu na mwiko. Kuna kijana fundi wa kuchomelea aliokota vipande vya nondo kwenye maeneo ya ujenzi akaunda mbuyu wenye urefu wa mtu mzima. Ukiuangalia kwa karibu, kila tawi bado lina kutu na alama ya chokaa ya mafundi waliolipima. Aliyetaka kujua Dodoma imebadilikaje angesimama mbele ya mbuyu ule akapata jibu.

Jioni ya kuamkia kongamano tumeshamaliza kutundika. Kila picha katikati yake iko usawa wa macho, taa zimeshaelekezwa. Anakuja ofisa wa itifaki, simu iko sikioni. "Dada yangu, hapa panahitajika kwa mabango ya wadhamini. Ninyi tumewapatia sehemu nzuri kule nje."

Huko nje kwenyewe ni hema nyuma ya ukumbi, upande wa wapishi.

Mnaoishi hapa mnaujua upepo wa Juni. Stendi zilianguka usiku ule ule. Asubuhi tukazifunga kwa kamba na mawe. Alasiri jua likaingia kwa upande likazipiga picha za yule binti, karatasi ikaanza kujikunja ndani ya fremu huku tunaiona. Vijana wa chakula wakaegemeza kreti za soda kwenye mchoro. Nilipowafuata wakashtuka, wakaomba radhi, wakasema hawakujua kama ni kitu cha maana kwa kuwa kimewekwa jikoni. Sina ugomvi nao hata kidogo. Ugomvi wangu ni na waliotupeleka pale baada ya kusaini kwamba tutakaa kwenye korido.

Picha moja ya vibanda vilivyobomolewa ikaondolewa bila mtu kuniuliza. Nilikuta nafasi tupu, lebo inaning'inia. Nikaambiwa mgeni rasmi asingejisikia vizuri. Lakini barua yao si iliomba jiji lilivyobadilika? Vibanda kubomolewa siyo mabadiliko?

Haya yote ningeyameza. Nimeshameza mengi kwenye kazi hii. Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki.

Siku ya kufunga, MC anatangaza kuna zawadi maalumu kwa mgeni rasmi kutoka kwa familia nzima ya taasisi. Kinaletwa kitu bapa, kimefungwa karatasi ya kumetameta na utepe. Mgeni anachana karatasi mbele ya kamera. Ni mchoro wa mzee. Ule wa nyumba yenye mlango wa kijani. Nilikuwa nimesimama naye nyuma kabisa ya ukumbi. Alikuwa ameshaanza kupiga makofi na wenzake kabla karatasi haijachanika. Akaishusha mikono. Hakusema neno. Akageuka akaniangalia mimi, kwa sababu ni mimi niliyekwenda nyumbani kwake kuuchukua ule mchoro, mkewe akanifungia kwa shuka lake ili usikwaruzike njiani.

Hakuulizwa. Hakulipwa. Hakutajwa jina. Bei ilikuwa imeandikwa kwenye lebo, na lebo waliibandua kabla ya kuufunga. Maana yake kuna mtu alisimama mbele ya jina la mzee na bei yake, akavisoma, halafu akavibandua.

Nilipomfuata mhusika akanijibu, "Dada, mzee ashukuru, kazi yake sasa iko kwa mkubwa." Nikamuuliza kama keki ya kongamano nayo waliichukua bure kwa mwokaji ili ashukuru. Akaondoka.

Niwakumbushe kwa faida ya wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mchoro kama inavyolinda wimbo. Msanii ana haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake. Hata ungekuwa umeununua mchoro kwa pesa taslimu, kuumiliki ule ubao hakukupi hakimiliki ya kilichochorwa juu yake. Hawa hata kuununua hawajaununua, na picha ya makabidhiano wameitundika kwenye kurasa zao.

Malipo sasa. Wasanii walipewa vyeti vya ushiriki, mawili kati ya majina yamekosewa. Ada hakuna. Nusu yangu ya pili hakuna. Kwanza dokezo lilikuwa kwa bosi. Bosi akasafiri. Aliporudi, mhasibu akasema invoisi haina viambatanisho. Viambatanisho nikapeleka. Halafu ikafika Juni 30, mwaka wa fedha ukafungwa, sasa wananiambia fungu lile halipo tena, nisubiri waombe upya. Wapishi wamelipwa. Mwenye hema kalipwa. MC kalipwa. Aliyefunga vitambaa kalipwa. Nafurahi wamelipwa, walifanya kazi. Sisi je, tulikuja kutembea?

"Mmepata fursa ya kuonekana." Hiyo sentensi naichukia kuliko zote. Mwenye nyumba kule Nkuhungu hapokei kuonekana, anapokea kodi.

Msidhani nazungumzia taasisi moja tu iliyokosa adabu. Nimekaa kwenye mikutano ya kutosha hapa jijini na hotuba nazijua kwa kichwa. Lazima itajwe michoro ya miambani ya Kondoa, kwamba iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Ni kweli iko, na kila Mtanzania anayeweza afike Kolo akaione ile rangi nyekundu ilivyoshikamana na jiwe. Lazima atajwe marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa Kigogo aliyeipeleka marimba na zeze duniani hadi alipofariki 2003. Ni kweli na ni fahari yetu. Kisha hotuba ikiisha, akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, walioletwa kutoka vijijini wanakuwa bado wako juani, wamebana ngoma zao magotini, wamekaa hapo tangu asubuhi wakimsubiri mgeni rasmi aliyechelewa. Wanapiga dakika chache gari linapoingia. Wanapewa soda na nauli. Nimeona kikundi kinarudishwa nyuma ya gari la mizigo usiku, ngoma zimelaliwa na watoto.

Mnajivunia waliochora kwenye mawe na waliokufa. Aliye hai anayechora Nkuhungu mnambandulia jina.

Ndiyo maana nasema tatizo ni namna tunavyohesabiwa. Kwenye bajeti ya tukio, sisi tunaingizwa kwenye fungu la mapambo na burudani, pamoja na maua na maputo. Mratibu anahesabiwa kuwa mtu wa kupanga viti. Ukishahesabiwa hivyo, kila kitu kinachofuata ni halali: kuhamishwa usiku, kuondolewa picha, kugawiwa kazi yako, kuambiwa fungu limefungwa.

Na kwa kuwa hatuna mahali petu, tunawategemea hao hao. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973. Tumekuwa jiji tangu Aprili 26, 2018. Mtumba kwenye Mji wa Serikali majengo yamesimama, Soko la Ndugai lipo, treni ya SGR imeanza kufika 2024, mtu anatoka Dar asubuhi na anarudi jioni. Dar wenyewe wana Nafasi Art Space pale Mikocheni tangu 2008, makontena yaliyogeuzwa studio, msanii ana mlango wake na ufunguo wake. Hapa nikitaka ukuta mweupe wa kutundika picha, nishindane na harusi na semina. Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti likiwa mjini, hata ukumbi wa kawaida huupati, na ukiupata bei siyo yetu. Niliwahi kuomba eneo la wazi katikati ya jiji kwa maonyesho ya jioni, watu waone bure wakitoka kazini. Ofisi husika ikanipa gharama ile ile wanayotozwa wenye kampuni wanaokuja na spika kutangaza sabuni.

Siombi jumba la kifahari. Chumba kimoja kwenye jengo la umma, kuta nyeupe, taa nyeupe, mlango unaofungwa, na mtu wa kukisimamia. Na kwa taasisi zinazokuja kufanya mikutano: fungu la sanaa likae peke yake kwenye bajeti, ada ya msanii ilipwe kabla mlango haujafunguliwa, mkitaka kumzawadia mtu mchoro mununue kwa bei iliyoandikwa na jina la mchoraji litajwe kwenye kipaza sauti. Mnaweza. Keki mnailipia kabla haijakatwa.

NYONGEZA: Mkuu uliyeandika hapo chini kwamba watu wa Dom hawana mwamko wa sanaa, hapana. Siku ile ile ya hema, mama mmoja wa upande wa jikoni aliacha kumenya viazi akaja kusimama mbele ya picha ya moshi. Akasema yule ni mwenzake, anamjua kwa bangili. Akauliza bei. Akaniambia akipokea pesa ya kazi ile atanitafuta, na amenitafuta, analipa kidogo kidogo. Mwamko upo. Wanaokosa ni wale wa ndani ya ukumbi.

NYONGEZA 2: Wanaoniambia niitaje taasisi, subirini. Barua ya madai imeshapelekwa na imegongwa mhuri wa kupokelewa, yenye picha ya mchoro mbele na nyuma, ambako jina la mzee limeandikwa kwa penseli. Mzee hataki fidia ya mbwembwe. Anataka mchoro urudi au ulipwe bei ya kwenye lebo, na ile picha kwenye kurasa zao iandikwe jina lake.

Kama wewe ni msanii na kazi yako ilichukuliwa kwenye mkutano wowote hapa Dodoma haikurudi, au ilirudi imeharibika, weka hapa chini: ni kazi gani, ukubwa wake, mwezi na mwaka, na kama una karatasi yoyote uliyosaini. Usitaje majina ya watu. Wenye barua au picha za ushahidi njooni PM, tunataka tuzipeleke pamoja.