Mjadala: Taka za kinu cha Krško, kila nchi ibebe nusu yake?

Mleta mada: Kinu cha nyuklia cha Krško kipo Slovenia, ila Croatia ina nusu ya hisa. Ni urithi wa Yugoslavia. Mkataba wa 2001 unagawa umeme nusu kwa nusu. Wasipoafikiana pa kuzika taka, kila mmoja anachukua nusu yake. Mwaka 2019 mazungumzo yalikwama kuhusu taka za mionzi ya chini na ya kati. Sasa Slovenia wana eneo lao la kuzika taka, Vrbina, ubavuni mwa kinu, na Croatia wamechagua Čerkezovac, kambi ya zamani ya jeshi. Ni sawa?

Mchangiaji 1: Hasara tupu. Leseni mbili, wakaguzi wawili, vigezo viwili vya kupokea taka. Pipa la kwenda Vrbina na la kwenda Čerkezovac hayafungashwi kwa namna moja, kwa hiyo lazima ujue la nani kabla hujaligusa. Ukikosea, unalifungasha upya, na kila kulishika ni dozi nyingine ya mionzi kwa wafanyakazi.

Mchangiaji 2: Mkuu, umesahau 1998? Slovenia ilikata umeme wa Croatia hadi 2003. Kampuni ya umeme ya Croatia, HEP, ikaenda kwenye usuluhishi wa ICSID (kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji), na hukumu ikatoka 2015: takriban euro milioni 20, na riba juu yake. Baada ya hapo unataka wamkabidhi Slovenia taka zao pamoja na hela za kuzitunza? Hata mfuko wa fedha za kufunga kinu, kila nchi ina wake.

Mchangiaji 3: Na Bosnia je? Čerkezovac iko jirani na mto Una, ng'ambo ni Novi Grad. Hawana hisa hata moja. Mkataba wa Espoo, wa miradi inayoweza kuathiri mazingira ya nchi jirani, unailazimu Croatia kuwashirikisha kwenye tathmini ya mazingira, lakini kura ya turufu hawapewi.

Mchangiaji 1: Hapo kwa Bosnia nakubali. Ila mnabishania mapipa, mzigo wenyewe ni mafuta ya nyuklia yaliyotumika. Mwaka 2023 mafungu 592 ya fimbo za mafuta hayo yalitolewa kwenye bwawa la kupozea yakawekwa kwenye makasha makavu 16, kila moja 37. Kinu kimeruhusiwa kuendelea hadi 2043, na mafungu yanazidi kuongezeka. Kwa kinu kimoja chenye mafungu 121 tu ndani, nani atalipia mashimo mawili ya kina kirefu ya kuyazikia, moja kwa kila nchi? Wakubaliane hilo kwanza, kabla ya kuhamisha hata pipa moja.